Maganda ya Mwisho ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifagia kibanda cha chakula, akapanga viti na kubandika maji jikoni. Jina hilo alipewa na mama yake kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini tangu mama afariki, Chiriku hakuongea ila akiulizwa.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Sasa alipika yeye kibandani mahali pa mama, na kumenya ndizi mbichi kulimshinda kabisa. Zamani mama angemcheka: "Baba Chiriku, unamenya au unachonga kisigino?" Siku hizi hakuna aliyemtania.

Nyuma ya kibanda kulikuwa na mfuko wa maganda makavu ya ndizi, ya mwisho kumenywa na mama kabla hajalazwa. Aliyaanika mwenyewe juu ya bati, kwa sababu mwalimu wa sayansi alikuwa akiwafundisha wanafunzi kugeuza maganda yanayotupwa kuwa makaa ya kuhifadhi umeme wa kuwashia taa. "Taa yenu ikiwaka kwa maganda yangu, nitakuja kuiona," mama aliahidi. Maskini, hakujaliwa.

Chiriku aliupeleka mfuko shuleni. Mwalimu aliyashindilia maganda yote ndani ya kopo la bati, akakaza kifuniko kwa waya na kuacha tundu dogo la moshi. Kopo likakaa motoni mpaka moshi ukakoma. Mwalimu akaliepua, akaziba tundu kwa udongo.

"Hapa ndipo watu wanapoharibu," alisema. "Kopo likiwa bado la moto msilifungue. Hewa ikiingia, makaa yatawaka yawe majivu. Tutafungua kesho."

Wenzake walipoondoka, Chiriku alibaki akifagia. Kopo lilinukia ndizi zilizoungua, harufu ya jiko la mama siku alizosahau sufuria kwa kupiga soga. Moyo ulimuuma. Alitaka kuyaona maganda yale mara moja tu. Akashika kitambaa, akalegeza waya.

Yalikuwa meusi, bado yana umbo la maganda. Mara kingo zikaanza kuwa nyekundu. Chiriku akapuliza ili auzime moto, kumbe ndiyo anauchochea! Ulipokwisha, ndani ya kopo mlikuwa na majivu tu. Alilia mpaka kwikwi ikamshika. Kisha akakimbia nyumbani, akachukua makaa ya jikoni, akayapondaponda yasitambulike, akaja kuyajaza ndani ya kopo na kulifunga kama lilivyokuwa.

Kesho yake walisaga makaa, wakayaosha na kuyapaka kwenye vibati, katikati wakiweka karatasi iliyolowa maji ya chumvi. Mwalimu alieleza kwamba umeme unashikwa na vitundu vidogo mno vilivyomo ndani ya makaa. Siku ya wazazi, vibati vilitiwa umeme wa jua, kisha mwalimu akachomoa nyaya na kuunganisha taa ndogo. Ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Watu wakapiga makofi.

Baba aliinama mezani, akagusa kibati kwa kidole chenye gundi ya viatu. "Mama Chiriku," alinong'ona huku machozi yakimtoka, "umekuja kuiona, eeh?"

Chiriku hakuweza kuvumilia. "Baba, hayo si maganda ya mama. Ni makaa ya jikoni. Ya mama niliyaunguza."

Baba alitoka nje, akaketi kwenye ngazi. Chiriku akamfuata.

"Yote?" baba aliuliza.

"Yote."

"Halikubaki hata moja?"

"Hata moja, baba."

Baba akafunika uso, akalia kwa sauti. Hata siku ya mazishi hakulia hivyo.

Mwalimu, aliyekuwa amesikia yote, aliwafikia. "Nisamehe, ndugu yangu. Na mimi nimekosa, nilimwachia mtoto kopo la moto peke yake. Leteni maganda mengine, tuanze upya."

Jumamosi baba alikaa kibandani na kisu cha mama, akimenya maganda manene kama soli. Chiriku alimtazama weee, mwishowe akashindwa. "Baba, unamenya au unachonga kisigino?"

Baba alicheka, kisha akapangusa macho.

Maganda yalipokauka, waliyapeleka shuleni pamoja. Safari hii kopo halikuguswa mpaka lilipopoa kabisa. Taa ikawaka vizuri kuliko mara ya kwanza. Hakuna aliyepiga makofi. Baba alimshika Chiriku bega.

"Mwanangu, siku ile nilikuwa naongea na makaa ya jikoni nikidhani ni kazi ya mikono ya mama yako. Usingesema, ningeendelea hivyo maisha yangu yote. Uliposema niliumia sana, na bado naumia. Lakini ukiharibu kitu tena, usikifiche. Njoo uniambie siku hiyo hiyo, tulie wote wawili."