Kiti cha Kidoti

Kiti maalumu cha mtoto kilichotolewa na ofisi ya ustawi wa jamii kilikuwa na kazi moja tu nyumbani kwa mshona nguo: kubeba mashati ya wateja yaliyosubiri vifungo. Siku ya ziara ya afisa ndipo mama huyo alipokurupuka, akayarundika mashati kitandani na kumfunga Kidoti kwenye kiti.

Kidoti alikuwa binti yake wa miaka minne. Misuli yake ilikakamaa, hakuweza kukaa mwenyewe, na uzito wake haukupanda.

"Anakula kwenye kiti kama nilivyokuelekeza?" afisa aliuliza kila mwezi.

"Ndiyo," mama alijibu kwa macho makavu.

Alikuwa anadanganya. Mgongo wa kiti ulilala mno, na mtoto alipaliwa. Lakini angesema hivyo, wangemwona mkaidi. Aliogopa watamchukua Kidoti wampeleke kituo cha kulelea watoto.

Mwezi mmoja akaja afisa mpya, mwanamke wa makamo. Alifika mapema, saa ya chakula. Kidoti alikuwa pajani, kiti kimezama kwenye mashati. Mama alitamani ardhi ipasuke.

"Samahani, dada. Nilikuwa naenda kumweka kwenye kiti."

"Acha kiti. Endelea kumlisha," afisa alisema, akaketi sakafuni.

Mama alimshika mtoto wima, kidevu kimeinama kidogo. Akampa kijiko kidogo, akangoja ameze, akampa kingine. Bakuli likaisha.

"Nani alikufundisha?"

"Yeye mwenyewe. Kwenye kiti anapaliwa. Akipaliwa, nabadilisha."

"Mbona hukutuambia?"

"Si ninyi ndio wataalamu? Mimi ni nani niwapinge?"

"Zamani tulielekeza, ninyi mkaitikia," afisa alisema. "Siku hizi kazi imebadilika. Mimi najua misuli, wewe unamjua Kidoti. Tunapanga pamoja. Na mtoto hachukuliwi kwa sababu mama amesema kiti hakifai."

Akampa kalamu na karatasi ya mpango wa mtoto. Mama, aliyezoea sindano, aliandika polepole: Kiti kinalala sana.

Seremala wa ofisi aliunyoosha mgongo wa kiti. Mama akashona mto wa kichwa. Mashati yakahamia kitandani moja kwa moja.

Baada ya miezi mitatu, mizani ilionyesha kilo moja zaidi. Afisa alifurahi, akaandika kwenye mpango.

"Sasa tumpe kijiko kikubwa."

Mama alimtazama binti yake, kisha afisa.

"Hapana," alisema. "Bado."

Afisa akaukata kwa kalamu mstari aliokuwa ameuandika.