Wifi Aliomba Kuona Boksi

Duka la dawa lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kila asubuhi mfamasia alimnyonyesha mtoto, akamkabidhi mumewe, kisha akafungua mlango. Alifuta vumbi kwenye kaunta ya kioo na kupanga bahasha ndogo za karatasi. Watu wa mtaa walimwita Daktari. Hakuwakataza.

Rafu zake zilikuwa chache. Kwa hiyo dawa zikifika, aliyatupa maboksi mapema. Mteja akija, alikata vidonge kwa mkasi, akavitia kwenye bahasha na kuandika: asubuhi kimoja, jioni kimoja. Basi, mteja akaenda zake.

Siku hiyo aliingia wifi yake, mdogo wa mumewe. Nyumbani walimwita Kishada, kwa jinsi alivyokimbia kama anayebebwa na upepo. Lakini leo kishada kilikuwa kimelowa. Macho mekundu, pua imeziba.

"Wifi, una pua ya kuazima? Hii yangu imegoma."

"Pole! Kesho kutwa si ndiyo mbio zenu za kuchagua timu ya taifa? Wenzako watakusikia ukipiga chafya kabla hawajakuona."

"Ndiyo maana nimekuja. Nisaidie."

Mfamasia akachukua mkasi, akakata vidonge vya mafua.

"Wifi," Kishada akasema kwa sauti ya chini, "naomba nione boksi lake."

"La nini?"

"Kambini tumeambiwa tusimeze kitu bila kujua kina nini ndani."

Wateja wengine walikuwa wamesimama nyuma, masikio wazi. Mfamasia alijiona kama anakaguliwa mbele yao.

"Kwani nakuuzia sumu? Nimesoma chuo kizima, leo nidaiwe boksi na wewe?"

"Sikuwa na maana hiyo, wifi. Nisamehe."

"Mafua ni mafua, kwa mkimbiaji na kwa muuza mkaa!"

Mteja mmoja akacheka. Kishada akainamisha macho. Angebishanaje na mke wa kaka yake mbele za watu? Akapokea bahasha, akashukuru, akaenda.

Siku ya mbio Kishada alishika nafasi ya pili. Akavishwa medali, akachaguliwa. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya mbio, wakimbiaji walipimwa mkojo. Siku moja mume wa mfamasia aliingia dukani, simu mkononi, uso umemshuka.

"Dada yangu amenyang'anywa medali na kuondolewa kwenye timu. Wanasema mkojo wake una dawa iliyokatazwa michezoni."

"Haiwezekani!"

"Mtaani wameshaanza kumwita mwizi wa medali. Wewe ulimpa nini?"

"Dawa ya mafua tu. Haina shida."

Alijibu upesi, kabla hajafikiri. Mumewe alipotoka, alifungua boksi jipya la dawa ile na kusoma karatasi ya ndani. Sudoefedrini. Jina hilo alilijua tangu chuoni. Alijua inafungua pua. Alijua inachangamsha mwili. Hakuwahi kujiuliza inamletea nini mtu anayekwenda kushindana.

Uso ukamwaka moto. Mteja akabisha hodi, mfamasia akajifanya hakusikia.

Jioni mumewe akamwambia jambo lililomvunja kabisa. "Kishada ameulizwa alikonunua dawa. Amesema hakumbuki duka."

"Anakumbuka," mfamasia akasema. Machozi yakamtoka. "Ananifichia mimi. Nilikuambia dawa ile haina shida. Nilikudanganya, baba watoto."

Mumewe akamweka mtoto begani. Kisha akauliza, "Ukisema, si watakunyang'anya leseni? Tutakula nini?"

"Na nisiposema, tutakula jina la dada yako?"

Kesho yake alikwenda uwanjani kumtafuta mfamasia wa timu. Huyo alikuwa mama wa makamo, mcheshi, aliyesomea utunzaji wa wanamichezo. Alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Siku za mazoezi dawa hiyo inaruhusiwa," alisema. "Lakini ikizidi kiwango kwenye mkojo siku ya mashindano, ni kosa."

"Lakini hakujua!"

"Kanuni humbana mwanamichezo kwa chochote kinachoingia mwilini mwake, ajue asijue. Ndiyo maana aliomba boksi. Yeye alitimiza wajibu wake, mwenzangu. Wa kwetu ndio uliolala."

Mfamasia akatazama sakafu. "Ningefanyaje?"

"Ungemuuliza: Unashindana? Lini? Unatumia nini kingine, hata cha mitishamba, hata unga wa kujenga misuli? Halafu ungetafuta dawa kwenye orodha ya zilizokatazwa. Orodha hiyo hutolewa upya kila mwaka, usiitegemee ya zamani. Ungempa dawa nyingine iliyo salama. Na kama mgonjwa hana budi kutumia iliyokatazwa, daktari wake anamsaidia kuomba kibali kwanza."

"Na kama sina uhakika?"

"Unasema sijui. Unampigia anayejua."

"Mbele ya wateja?"

Yule mama akatabasamu. "Aibu ya kusema sijui inaisha palepale. Hii uliyonayo sasa inaisha lini?"

Kamati ya kusikiliza shauri la Kishada ilipokutana, mfamasia aliomba kusema. Kishada alikuwa ameketi pembeni, akitikisa kichwa kumkataza. Mfamasia akasimama hata hivyo.

"Dawa ilitoka dukani kwangu. Wifi yangu aliomba kuona boksi. Nilimfokea mbele ya watu. Yeye alikuwa sahihi, mimi nilikosea."

Medali haikurudi, na safari ile ya timu ikampita Kishada. Lakini kamati iliamini kwamba hakukusudia. Ikampa onyo, ikamruhusu kukimbia tena. Mfamasia naye alipewa onyo na baraza la wafamasia, akaagizwa kusoma. Alisoma miezi kadhaa, mtoto mgongoni, kuhusu dawa na michezo, kutunza siri za mgonjwa, na kumkatalia kocha anayetaka vidonge vya "kuwaamsha vijana". Aliongeza rafu, na kila dawa ikabaki na boksi lake.

Kishada hakukanyaga dukani muda mrefu. Walisalimiana kwenye shughuli za familia, basi. Mfamasia hakumlaumu.

Kisha mvua zikaanza, na siku moja Kishada akasimama mlangoni, akikohoa. Dukani kulikuwa na watu.

"Unashindana lini?" mfamasia akamuuliza.

"Jumamosi."

"Umeshatumia dawa gani?"

"Hii. Nimepewa na mwenzangu." Akatoa chupa ya dawa ya kikohozi.

Mfamasia akaigeuza. Akasoma jina la kwanza, la pili. La tatu hakulijua. Akatafuta kwenye orodha, hakuridhika.

"Hili silijui," alisema, kwa sauti ya kusikika. "Usinywe tena kwanza. Ngoja nimpigie mfamasia wa timu."

"He! Daktari mzima hajui?" mteja mmoja akadakia.

"Mimi si daktari, kaka. Ni mfamasia. Na hili silijui."

Masikio yalimwaka, lakini alikuwa ameshashika simu. Kishada akavuta stuli karibu na kaunta, akakaa kumsubiri wifi yake.