Ruhusa Iliyobaki kwenye Pasi ya Zamani

Kamsiah alikuwa fundi cherehani mjini Muar, Malaysia. Kila asubuhi alimlisha paka, akafungua dirisha la mbele, akaanza kushona. Watu walimpenda. Baju kurung zake, yale magauni marefu ya Kimalay, hazibani wala hazipwayi. Alikuwa na kasoro moja tu. Alikuwa na wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi.

Wivu huo wote ulikuwa kwa wifi yake, Zaleha.

Zaleha alikuwa dada wa marehemu mume wa Kamsiah. Alikuwa karani wa shule, sasa amestaafu. Hakujaliwa kupata mtoto. Alimpenda sana Nurin, binti pekee wa Kamsiah. Nurin alipokuwa mdogo, mama yake alishona kutwa nzima. Aliyempeleka shule na kumfundisha hesabu ni Zaleha.

Sasa Nurin alikuwa amemaliza chuo kikuu Uingereza. Kila mhitimu alipewa viti viwili vya wageni kwenye mahafali.

"Kimoja chako, Mama," Nurin alisema kwenye simu. "Cha pili cha Shangazi."

"Sawa, mwanangu," Kamsiah akajibu. Lakini roho ilimuuma. Cha Shangazi! Kwani Shangazi ndiye aliyebeba mimba miezi tisa?

Haukupita muda, Zaleha akaja kuuliza habari za sare.

"Wifi, Nurin anataka mimi na wewe tuvae rangi moja. Kile kitambaa cha kijani ulichojishonea kimebaki?"

"Kimekwisha," Kamsiah akajibu haraka.

Uongo mtupu! Mita nne nzima zilikuwa kabatini, chini ya mashuka.

Mambo ya safari Kamsiah alikuwa ameyamaliza zamani. Mtaani watu walisema, "Sisi wa Malaysia hatuombi viza ya kwenda kutembea Uingereza. Unapanda ndege tu." Nurin akamwambia mama yake, "Viza hatuombi, ni kweli. Lakini siku hizi lazima uombe ruhusa ya mtandaoni kabla ya kusafiri." Akamsaidia kwa simu, hatua kwa hatua. Ruhusa ikaja. Kamsiah akaichapisha na kuitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na pasi yake.

Kama mambo yangeishia hapo, kila kitu kingekuwa sawa. Lakini wivu haujui kukaa kimya.

Siku moja Zaleha alikuja na pasi mpya. Ya zamani ilikuwa imemaliza muda wake.

"Tazama picha yangu, wifi. Wameitoa vizuri, si ndiyo?"

Ilikuwa nzuri kweli. Zaleha alionekana kijana. Kamsiah akaenda kutazama ya kwake. Ilipigwa mwezi aliofariki mume wake. Macho yamevimba, midomo imelegea. Akawaza watakavyosimama uwanja wa ndege, pasi mbili kaunta moja.

"Yeye malkia, mimi mgonjwa wa kulazwa!" akasema peke yake. "Haiwezekani!"

Pasi yake ilikuwa bado imebakiza miezi kumi. Hakujali. Kesho yake alijipaka poda, akajifunga mtandio wa waridi, akaenda ofisi ya uhamiaji. Kabla ya adhuhuri alikuwa na pasi mpya mkononi. Ile ya zamani walimrudishia ikiwa imekatwa pembe. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake.

Jumatatu, siku tano kabla ya safari, Zaleha alikuja asubuhi na otak-otak za moto, samaki wa viungo wa kuchoma kwenye majani.

"Tuangalie karatasi zetu, wifi, tusije tukasahau kitu."

Kamsiah alileta pasi yake taratibu. Akaifunua kwenye picha.

"Mashallah, umependeza!" Zaleha akasema. Kisha uso ukabadilika. "Umeipata lini hii?"

"Wiki iliyopita."

"Na ile ruhusa ya mtandaoni uliombea pasi ipi?"

"Ruhusa ni ruhusa. Ina jina langu, na jina sijabadili."

"Hapana, wifi. Ruhusa ile imefungwa na namba ya pasi uliyoombea. Pasi mpya ina namba mpya. Mimi nilisubiri pasi mpya ndipo nikaomba. Lazima uombe upya."

Kamsiah akaivuta pasi yake.

"Sema tu una kijicho! Picha yangu imeishinda yako. Au unataka nibaki Muar, wewe ukakae kwenye kiti cha mama?"

Zaleha aliweka otak-otak mezani, akachukua mkoba wake.

"Ukitulia, nipigie," alisema, akaondoka.

Kamsiah alifungua kopo la biskuti. Akaweka pasi mpya kando ya karatasi ya ruhusa. Akasoma namba ya kwanza. Akasoma ya pili. Hazikufanana hata kidogo. Akakaa chini.

Angempigia Nurin, lakini Uingereza bado kulikuwa usiku. Akatafuta mwenyewe kwenye simu. Ikatokea tovuti yenye bendera ya Uingereza na maandishi makubwa: "Ruhusa kwa saa moja tu!" Walitaka ringiti mia sita. Mara ya kwanza hakulipa hata robo ya hizo.

Akamwona Zaleha akilini, amekaa ukumbini, anapiga makofi. Akamwona Nurin anamkumbatia.

"Potelea mbali, nalipa!"

Akaanza kuandika namba za kadi yake ya benki. Katikati akaacha. Na ikiwa ni matapeli? Pesa zitaenda, na mwanangu sitamwona. Akafuta namba. Akampigia Zaleha.

"Wifi," alisema. "Njoo. Nimeharibu."

Zaleha alifika hata kahawa haijapoa. Aliitazama ile tovuti, akapiga kelele.

"Toka humo haraka!"

"Lakini ina bendera!"

"Bendera hata mimi naweza kuchora! Zinazokuja juu kabisa mara nyingi ni matangazo. Wengine hukutoza mara nne ya bei, wengine huchukua pesa wakapotea. Sisi tutaomba kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe, au kwa programu yake rasmi ya simu. Bei ya kweli imeandikwa pale pale."

Wakaanza. Walipiga picha ukurasa wa pasi mpya. Zaleha akaweka simu juu ya pasi mpaka ikasoma habari zake. Ikafika zamu ya kupiga picha uso.

"Ngoja nijipake poda."

"Wee! Poda ndiyo iliyotufikisha hapa!"

Wakacheka wote wawili, Kamsiah na machozi juu.

"Maswali yajibu kwa ukweli," Zaleha akasema. "Andika barua pepe unayoifungua kila siku, maana jibu linakuja huko."

"Litakuja lini?"

"Mara nyingi ndani ya siku tatu za kazi. Wengine hupata upesi, wengine huchelewa. Ndiyo maana watu huomba mapema. Na ukishaipata, afisa wa mpakani bado ana haki ya kukuuliza maswali. Ni ruhusa ya kusafiri, si ahadi ya kuingia."

Kamsiah alihesabu kwa vidole. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ndege ilikuwa Jumamosi.

"Na isipokuja?"

"Hawatakupandisha ndege."

Kamsiah aliinamisha kichwa. "Basi utakaa wewe kwenye kiti changu."

"Mimi nina changu," Zaleha akasema. "Chako kitabaki kitupu. Nitatandika mtandio wako juu yake, na atakayetaka kukikalia atanitambua." Akaweka simu mezani. "Unadhani wivu unao peke yako? Kila nikimsikia Nurin anakuita Mama, mimi hujifanya natafuta kitu mkobani. Miaka yote hiyo hukuona?"

Hakuona. Kamsiah akammiminia kahawa.

Jumanne jibu halikuja. Jumatano alishona mkono wa gauni nje ndani, akaufumua wote. Kila dakika alikuwa anafungua simu. Alhamisi mchana, simu ikalia. Barua pepe! Hakurukaruka kwanza. Alichukua pasi mpya, akalinganisha namba moja moja mpaka mwisho. Zilikuwa sawasawa.

Ndipo akafungua kabati, akatoa kitu chini ya mashuka, akaenda mbio mpaka kwa Zaleha, utepe wa kupimia shingoni.

"Imekuja?"

"Imekuja! Simama wima nikupime."

Zaleha alikitazama kile kitambaa cha kijani. "Si ulisema kimekwisha?"

"Nilisema uongo. Inua mikono."

Jumamosi walisimama uwanja wa ndege, pasi mbili kaunta moja. Mfanyakazi hakuangalia picha ya mtu. Aliangalia namba, akaona ruhusa ipo, akawapa tiketi zao. Nyuma yao alikuwapo mama aliyebeba mtoto mchanga.

"Na mtoto umemwombea ruhusa yake?" Kamsiah akamuuliza. "Hata mchanga anatakiwa awe na ya kwake."

"Nimemwombea, makcik," akajibu kwa heshima, kama kumwita mama mkubwa.

"Vizuri. Na usibadilishe pasi kwa ajili ya picha!"

Zaleha alicheka mpaka watu wakageuka.

Siku ya mahafali walikaa bega kwa bega, kijani kwa kijani. Jina la Nurin likaitwa. Wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Sherehe ilipokwisha, Nurin aliwaona kwa mbali. Akaja mbio, joho linapepea.

"Mama! Mama!"

Zaleha akainama, akaanza kupekua mkoba wake.

Kamsiah akaushika mkono wake, akautoa mkobani.

"Acha kutafuta, wifi," alisema. "Simama. Mtoto wetu anakuja."