Gunia la Mapepe

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Mama Pacha alikuwa bado uani, anachambua kahawa juu ya turubai. Mbivu huku, mbichi kule. Kahawa ikichumwa leo, ipite mashineni leo leo. Ikilala, inachacha.

Mdogo wake akaingia na gunia kichwani. Nzi walimfuata. Watu walimwita Mapepe, maana hakuwahi kutulia.

"Dada, nisitiri," alisema. "Mlanguzi hakuja jana. Leo kaja, kaikataa kahawa yangu. Eti inanuka."

"Inanuka kweli."

"Changanya na yako. Nani atajua?"

Mama Pacha alijua jibu la kutoa. Lakini damu ni nzito kuliko maji, na mke wa Mapepe alikuwa mjamzito. Akamimina kahawa ya mdogo wake chini ndani ya gunia lake, juu akaweka yake nzuri.

Kwenye mashine ya ushirika, foleni ilikuwa ndefu. Kahawa ya wanachama wote iliingia tangi moja. Mpimaji, waliyemwita Bi Mizani, alizamisha mkono katika kila gunia na kunusa. Mzee mmoja alirudishwa nyumbani na gunia lake.

Zamu ya Mama Pacha ikafika.

"La huyu halina haja ya kupekuliwa," alisema Bi Mizani. "Mngekuwa wote kama yeye, ningekuwa nimeshalala."

Watu wakacheka. Vijana wawili wakalinyanyua gunia hadi kwenye mdomo wa tangi. Mama Pacha alitaka ardhi immeze.

"Lishusheni," alisema. Hawakumsikia. Mmoja alikuwa ameshafungua kamba. "Jamani, lishusheni. Ndani kuna ya mdogo wangu. Imelala."

Kicheko kikakatika. Bi Mizani akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Chini palikuwa na joto. Harufu ikatoka.

"Afukuzwe," mtu akasema nyuma. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Ngojeni," alisema Bi Mizani. Akamgeukia Mama Pacha. "Unajua ulitaka kutufanya nini? Sisi tunauza kwa biashara ya haki. Wanunuzi wametuwekea bei ambayo hawashuki chini yake, hata soko likianguka. Juu yake wanaongeza fungu la jamii, na sisi wenyewe tunapiga kura litumike wapi. Zahanati yetu imejengwa kwa fedha gani?"

"Kwa fungu hilo."

"Na sisi tumeahidi nini?"

"Kahawa safi. Kila gunia lijulikane limetoka kwa mwanachama gani."

"Hii si safi, na mwenyewe si mwanachama. Ingeharibu tangi zima na jina letu. Umesema kabla haijamwagwa, hilo litakusaidia mkutanoni. Lakini gunia lote halipokelewi."

Mama Pacha alilia mbele ya watu. "Sasa mdogo wangu akauze wapi?"

"Umewahi kumwambia ajiunge?"

Hakuwahi. Alimwona mdogo wake kuwa wa mapepe tu, asiyeweza masharti.

"Unamfichia kahawa, lakini hujamwonyesha mlango," alisema Bi Mizani. "Kesho njoo naye."

Kesho yake wakaenda. Mkutano ulimpa Mama Pacha onyo kali. Mapepe alijiandikisha, akafundishwa kuchuma kahawa iliyoiva tu na kuifikisha mashineni siku hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba alitulia.

Msimu uliofuata, mlanguzi alisimamisha gari lake mbele ya shamba la Mapepe. Mama Pacha alikuwa hapo, akimbembeleza mtoto wa mdogo wake.

"Leo bei gani?" Mapepe aliuliza.

Mlanguzi akaitaja, kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari, kama alivyozoea.

"Asante," alisema Mapepe. "Nilikuwa nauliza tu." Akaendelea kuchuma.