Muhuri wa Mzee Muhidin

Ndugu zangu, nyinyi mnaokabidhiwa funguo za stoo na mihuri ya ofisi, kaeni kidogo mnisikilize. Habari hii ni ya mwaka wa 1957, na mimi mwenyewe nilikuwapo.

Asubuhi hiyo Ziwa Naivasha lilikuwa limetulia. Viboko walikuwa wamejificha kwenye mafunjo, na mlima Longonot ulikuwa umejifunika wingu. Ndani ya stoo iliyo kando ya gati, Mzee Muhidin alikaa mguu juu ya mguu, kikombe cha kahawa mkono wa kushoto, muhuri mkono wa kulia. Pa! Pa! Pa! Sauti hiyo ndiyo iliyoharibu utulivu wetu, ingawa siku hiyo hakuna aliyejua.

Mzee Muhidin alitunza stoo ya klabu ya Wazungu ya mashua za tanga. Babu yake alitoka Lamu. Yeye alizaliwa Nakuru karibu na stesheni, na bahari aliiona kwenye kalenda tu. Lakini kila mgeni alimwambia, "Sisi ni watu wa bahari. Maji yananijua kwa jina."

Kazi yake kubwa ilikuwa majaketi ya kuokolea watu. Yalijazwa sufi, ile ile ya kujazia mito, kwa sababu sufi huelea. Sheria ya klabu ilikuwa wazi. Kabla ya mashindano ya kila mwaka, jaketi lifungiwe kipande cha chuma na kutiwa kwenye pipa la maji saa nzima. Likielea, lipigwe muhuri wa mwaka. Likizama, lichomwe. Na lililopita miaka kumi lichomwe hata kama linaelea.

Pembeni mwa stoo kulikuwa na majaketi kumi na mawili ya wakati wa vita vikuu vya dunia, yaliyokwisha kupita miaka kumi.

"Baba Nuria," mkewe Bi Kuluthum alimwuliza siku moja, "yale ni ya nini?"

"Yale ni mazee. Yatachomwa."

"Pamoja na sufi yake?"

"Wewe mwanamke, umeona wapi mtu akachoma godoro akabakiza pamba?"

Bi Kuluthum hakuuliza tena. Binti yao Nuria alikuwa aolewe nami baada ya wiki tatu, na huku bara sufi ilikuwa adimu. Majirani walilalia mito ya maganda ya mahindi. Basi mama akayafumua yale majaketi, akatoa sufi yote, akajaza matambara na vipande vya magunia, akayashona tena kwa uzi wa kijani ili rundo lisinywee kabla ya siku ya moto. Kwake hilo halikuwa kosa. Kitu cha kuchomwa kitachomwa.

Lakini hakikuchomwa. Kuchoma kulitaka barua ya kuomba majaketi mapya, na barua ilitaka kueleza kwa nini haikuandikwa tangu Januari. Mzee Muhidin akaona njia fupi. Akalivuta lile rundo, akapiga 1957 hapa, 1957 pale.

Nilikuwa nimekwenda kumwamkia. Nikamwuliza kwa adabu, "Baba, hayapiti kwenye pipa?"

"Mwanangu, nimeyashika miaka kumi. Mkono wangu ndio pipa."

Nikanyamaza. Nilikuwa nataka mke.

Siku ya mashindano upepo wa mchana uliamka mapema. Sisi tulikaa kwenye nyasi kando ya gati. Bi Kuluthum alikuja na mto wa harusi, mkubwa kama mwanakondoo, umetariziwa maneno KARIBU MPENZI. Eti wa kuegemea. Kweli alitaka uonekane.

"Mama Nuria, hii mto imeshiba kuliko mimi!" alisema Wachuka, rafiki yake aliyeuza viazi sokoni. "Sufi umetoa wapi?"

"Riziki haiulizwi, mama."

Hapo Kapteni wa klabu akaja mbio. Mwenzake wa mashuani alikuwa ameugua tumbo.

"Muhidin! Wewe nasema kila siku iko mtu ya bahari. Leo ingia mashua yangu."

Mzee aligeuka rangi. Lakini watu walikuwa wengi, na maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemzunguka. Akaenda stoo, akachagua jaketi lenye muhuri unaong'aa zaidi, akalivaa kwa maringo. Bi Kuluthum akaona uzi wa kijani mgongoni.

"Baba Nuria, vua! Vua hilo! Ni matambara!"

Upepo ulichukua maneno. Mzee, ambaye mashua ilikwisha kumtoa gatini, alidhani anaagwa. Akapunga mkono kama gavana. Alikuwa bado anapunga mashua ilipogeuka, mti wa tanga ukampiga ubavuni, na mtu wa bahari akaenda majini.

Wengine walicheka wakingoja aelee. Hakuelea. Akaibuka mara moja, kilemba hakipo, akapiga kelele, akazama tena.

Bi Kuluthum alimrukia Kahiga, mpiga makasia, akamsukumia mto kifuani. "Mpe hii! Inaelea! Naijua inaelea!"

Kahiga alivuta makasia kwa nguvu zake zote. "Mzee, shika mto! Wacha kupigana na maji, shika mto!"

Mzee akaushika. Akaletwa ufukoni akiukumbatia, macho ameyafumba, akitapika maji, KARIBU MPENZI chini ya kidevu chake. Nuria alilia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilimtazama yeye tu.

Kapteni aliporudi akaamuru majaketi yote ya muhuri mpya yatiwe kwenye pipa. Kumi na moja yalizama moja baada ya jingine. Mashindano yakavunjwa.

"Hawa watu kumi na moja ya kuvaa hizi, kama nazama," Kapteni aliuliza, "nani ataambia mama yao?"

Mzee Muhidin hakumtaja mkewe. "Muhuri ni wangu, Bwana," alisema. "Mkono ni wangu."

Hakufukuzwa. Alipewa adhabu: kila mwaka alivaa kila jaketi mwenyewe na kuingia ziwani, Kahiga ameshika kamba na kumwuliza, "Mzee, maji bado yanakujua jina?"

Mto ulianikwa wiki mbili, na tulioana nao ukinuka mafunjo. Nuria, Mungu amrehemu, alikuwa akiisimulia habari hii vizuri kuliko mimi. Tuliulalia mto huo miaka arobaini na miwili. Sasa una kichwa kimoja.

MAFUNZO

Muhuri hauelei, kinachoelea ni kilicho ndani. Ukipewa kazi ya kukagua, kagua kana kwamba jaketi utalivaa wewe, maana huenda ukalivaa wewe. Unayechukua kitu kwa kuwa kitatupwa, mwambie mwenye funguo. Na wewe kijana uliyeona kosa la mkubwa wako, usinyamaze kwa sababu unataka binti yake. Mimi nilinyamaza, na ilibaki kidogo nimwoe binti huyo matangani.