Kitufe cha Kushoto

Jirani yangu, tunayepakana naye ukuta, ana sufuria moja ambayo haipikii. Haiazimi, haiuzi, na ukiinyoshea mkono anakutazama mpaka unaurudisha mwenyewe. Nilimdadisi hadi akanieleza, na tangu hapo nikinunua sufuria naitazama kwanza kitako.

Mumewe alikuwa msimamizi wa kiwanda cha sufuria. Wafanyakazi walimwita Chapuchapu, na wala si kwa mapenzi. Mtu yule hakuwahi kusema pole wala asante. Neno lake lilikuwa hilo moja, chapuchapu, asubuhi mpaka jioni, akipiga makofi nyuma ya migongo ya watu. Pale kiwandani palikuwa na presi kubwa ya haidroliki. Unaweka duara la bati juu ya kalibu ya chuma yenye umbo la sufuria, unabonyeza, kichwa cha presi kinashuka kikisukumwa na oili, kikipanda unatoa sufuria. Vitufe vyake vilikuwa viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto, mbalimbali, na lazima vishikwe kwa pamoja. Aliyeiunda hakuwa mjinga. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna utakaosahaulika ndani.

Aliyeiendesha alikuwa shemeji yake Chapuchapu, kaka wa mkewe. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikatwa na panga utotoni kikabaki kipande, ndiyo maana wenzake wakamwita Tisa na Nusu. Mwenyewe alicheka nao. "Hivi nilivyo navyo vinanitosha," alikuwa akisema. "Sina cha akiba cha kuipa mashine."

Asubuhi moja ya kawaida, watu wakimalizia chai, Chapuchapu alichonga kabari ya mti akaisokomeza kwenye kitufe cha kushoto, kikabaki kimebonyea. Sasa mkono wa kulia unabonyeza, wa kushoto unalisha bati. Sufuria zikaanza kutoka mbiombio.

"Shemeji, hii siyo," alisema Tisa na Nusu. "Na mpira wa oili unavuja. Kichwa kinashuka chenyewe hata sijakiita."

"Ukitaka usalama, nenda kalale kwa mama yako. Hapa ni kazini."

Mama huyo, kumbuka, alikuwa mkwewe mwenyewe.

Presi ya haidroliki haipigi kama nyundo. Inashuka taratibu na haijui huruma. Mchana ule ule ilimshika Tisa na Nusu mkono wa kushoto ikaumeza hadi juu ya kiwiko, na hospitali hakufika. Kabla tajiri, mwenye kiwanda, hajateremka garini, Chapuchapu alikuwa ameshaing'oa ile kabari. Akaitupa kwenye tanuru la kuyeyushia alumini, akasimama kuitazama mpaka ikawa majivu. Akamwambia tajiri kwamba marehemu alikuwa mzembe. Nyumbani akamwambia neno hilo hilo mkewe, aliyekuwa akigaagaa sakafuni.

Wafanyakazi walijua. Lakini nani afumbue mdomo wakati sufuria ya nyumbani kwake inangoja unga? Walimtazama tu, na alipopita walitema mate.

Mkewe alimwuliza mara moja tu. "Kaka yangu aliyeogopa mashine vile, mkono wake ulifuata nini mle ndani?"

"Uzembe. Nimeshakwambia."

Tangu usiku ule mwanamke akalala akimpa mgongo. Chapuchapu hakuogopa polisi, hakuogopa tajiri. Duniani aliogopa kitu kimoja: siku mkewe atakapojua habari ya kabari. Alimjua vizuri. Asingelia wala kupiga kelele. Angemtoa nje, na ndugu zake wangemalizia.

Kisha akaja mjane, Mama Pacha. Hakuomba kazi, aliidai. "Watoto wa marehemu wanakula," alimwambia tajiri mbele ya Chapuchapu. "Nipe mashine ya mume wangu." Tajiri, kwa kuona haya, akampa.

Wiki ya kwanza Chapuchapu alifurahi, maana mama yule alikuwa na kasi kumpita hata marehemu. Sufuria zilipangwa zikafika kifuani. Ndipo akajiuliza: kwa vitufe viwili, anawezaje?

Akasogea.

Mama Pacha alikuwa akibonyeza kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa ukilisha bati. Na kitufe cha kushoto kilikuwa kikizama chenyewe, kikiinuka, kikizama. Hakikuwa na kabari. Hakikuwa na kitu.

"Umeweka nini hapo?"

"Sijaweka kitu, shemeji." Pampu ilikuwa ikinguruma, lakini sauti ya chini ya mama yule ilimfikia sawasawa. "Mimi nabonyeza hiki kimoja. Hicho kingine kina mtu wake. Mkono wangu ukiwa ndani, anaachia. Nikiutoa, anashika."

"Acha wendawazimu wako."

"Tazama basi."

Akaingiza mkono chini ya kichwa cha presi, kitufe kikainuka. Akautoa, kikazama. Juu yake palikuwa na unyevu wa oili, na unyevu ule ulikuwa na umbo la vidole.

Jasho lilimtoka Chapuchapu, lakini kiburi hakikumtoka. Oili imeingia kwenye kitufe, akasema, springi imechoka, ni hayo tu. Akamsukuma mama wa watu kando kwa bega ili aichunguze mashine yote mwenyewe, nje na ndani. Kila mtu pale alijua inavyotakiwa: unazima pampu, unatoa presha yote, unaegesha lile gogo la chuma chini ya kichwa ili kisishuke, ndipo unaingiza mkono. Gogo lilikuwa pale pale ukutani. Lakini ukizima pampu, kupata presha tena ni kungoja, na yeye alikuwa nani kama si Chapuchapu?

Akainama.

Juu ya kalibu palikuwa na duara la bati, limewekwa tayari. Katikati ya bati palikuwa na kabari.

Ile ile. Aliitambua kwa makato ya kisu chake. Haikuwa na alama ya moto. Ilikuwa imelowa oili.

Nyuma yake Mama Pacha alikuwa akisogea. Akiiona tu, jioni ile ile mkewe atakuwa na habari.

"Rudi nyuma! Usiguse kitu!"

Mama Pacha alirudi hatua moja, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Wafanyakazi wote waligeuka wakamwona. "Mikono yangu hii hapa, shemeji," alisema polepole.

Chapuchapu akapeleka mkono wa kushoto. Akaigusa kabari.

Kitufe cha kushoto kikazama.

Kisha cha kulia.

Kichwa kikaanza kushuka, taratibu. Nafasi ya kutoka ilikuwepo, tena tele. Alivuta. Mkono haukuja. Kitu kilikuwa kimemshika kifundo. Kiganja. Chenye joto. Vidole vinne na kipande.

"Shemeji," alinong'ona. "Shemeji, niachie."

Hakuna aliyejua alikuwa akisema na nani.

Walimkata mkono hospitalini, akapona, maana watu wa namna hiyo hawafi ovyo. Alipotoka, alimkuta mkewe amekaa sebuleni na Mama Pacha. Mezani palikuwa na sufuria, ile iliyotoka kwenye presi siku aliyoshikwa mkono. Ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Kwenye kitako, kwa ndani, palikuwa na alama ya mkono wa kushoto, imezama kwenye bati mpaka mistari ya kiganja ikaonekana.

"Mkono wako ulikuwa na vidole vitano," mkewe alisema. "Na pete yangu."

Alama haikuwa na pete. Kidole cha mwisho kilikuwa kipande.

"Kaka yangu huyu. Nimemshika mkono huu tangu najifunza kutembea. Sasa niambie tena ule uzembe wake, lakini uniambie ukiwa umeweka kiganja chako kilichobaki humu."

Chapuchapu aliitazama sufuria. Akaunyosha mkono wa kulia, akaurudisha. Akaunyosha tena. Kisha akapiga magoti, akasema yote, kuanzia kuchonga mpaka tanuru.

Mkewe hakulia. Alimfungulia mlango.

Siku hizi huwa anakuja mchana, kashika kofia kwa mkono mmoja, anabisha na kuomba aingie. Jirani yangu hamjibu. Anaitoa sufuria, anaiweka kizingitini, na yule bwana anageuka chapuchapu kuliko alivyowahi kumhimiza mtu.

Juzi, baada ya kumwombaomba, jirani yangu aliniruhusu niingize mkono ndani ya sufuria. Jiko halikuwa limewashwa tangu asubuhi, na sakafu ilikuwa baridi. Niliweka kiganja changu juu ya alama ile. Bati lilikuwa na joto la mtu. Nilipoutoa mkono, ulikuwa na oili.