Picha za Singo ya Hajira

Rafiki yangu Mwamini, mwenye steshenari pale Bungu, habari hii huisimulia akiwa ameinamisha kichwa. Akina mama humwita kupiga picha za singo, siku bi harusi anaposuguliwa liwa na manukato, mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Kwa hiyo kila folda ya kompyuta yake ameipanga ionyeshe majina ya picha tu, si picha zenyewe, maana wanaume husimama nyuma yake wakisubiri fotokopi.

Alasiri moja ya mvua alikuja Mzee Twalibu wa Mtunda kuchapisha picha za nikahi ya mwanawe. Mwamini akaifungua folda ya harusi ile bila kuikagua, na picha za singo zikajaa kioo kizima. Hajira, mke wa mwana wa mzee huyo, alikuwa ameketi mkekani uani kati ya wanawake, kichwa wazi, mabega yanang'aa liwa.

"Astaghfirullah! Funga, mwanangu," mzee alisema, akatoka mvuani.

Haya zikamshika Mwamini hata radhi hakuomba. Aliirudisha folda kwenye majina. Alipoifungua tena, picha zilijaa kioo. Akarudia, zikajaa vilevile.

Ndipo umeme ukakatika. Duka likawa giza, mabati yakinguruma. Ndani ya spika zilizozimika akasikia bangili zikigongana na khanga zikiburuzika, kama wanawake wengi wanaojigeuza pamoja kwenye chumba kidogo.

Umeme uliporudi aliifungua folda. Picha zilikuwa kubwa, ua uleule, mkeka uleule. Ila wanawake wote walikuwa wamempa mgongo, na katikati yao Hajira amejifunika khanga gubigubi.